Lukasu Nyuma ya Nyumba: Bustani za Parsele katika Historia ya Kolwezi

Ukimuuliza mtu wa mbali Kolwezi ni nini, atakujibu bila kufikiri: mukuba na kobalti. Hana kosa. Muji wetu ulizaliwa mwaka 1937 kwa ajili ya mgodi, ukakua kwa mgodi, na hadi leo malori ya mgodi ndiyo yanayotuamsha asubuhi. Lakini katika kitabu hiki cha mila na desturi zetu tunaomba ruhusa tuzungumze juu ya kitu kingine, ambacho hakuna mnunuzi wa ng'ambo aliyewahi kuuliza bei yake. Ni kale kashamba ka nyuma ya nyumba, kenye lengalenga, sombe, matembele, mpapai mmoja na kuku wanaofukuzwa kila asubuhi.

Juu ya kazi ya mgodi yameandikwa mengi. Juu ya kashamba yameandikwa kidogo, pengine kwa sababu kalikuwa mikononi mwa wamama, tena hakakuwa na daftari la mshahara. Sisi tunaona kwamba bila kashamba hako historia ya Kolwezi haielezeki. Mgodi umeanguka zaidi ya mara moja, na muji haukufa. Basi nani aliulisha?

Mukuba na wakati wake, shamba na wakati wake

Tuanze mbali kidogo. Wazee wetu walijua mukuba karne nyingi kabla Mzungu hajafika. Misalaba midogo ya mukuba, ambayo ilitumika kama mali na kama feza, imekutwa katika makaburi ya zamani sana ya Sanga, kando ya ziwa Kisale. Wazee hao walijua pia pa kuutafuta. Waliangalia vilima ambavyo miti ya pori haimei, vilima vyenye majani mafupi tu na vijimea vichache vinavyovumilia udongo ule. Wataalamu wa mimea wanakijua kimojawapo kwa jina la Haumaniastrum katangense, na Wabelgiji walikiita ua la mukuba. Mahali kama hapo palikuwa pa kuchimba. Hakuna mtu mwenye akili aliyepanda mtama hapo.

Kwa hiyo walikuwa na udongo wa aina mbili, na walikuwa na nyakati mbili vilevile. Kati ya Basanga, kazi ya kuyeyusha mukuba ilianza kiangazi, kuanzia mwezi wa 5, baada ya mtama kuvunwa. Mvua zilipokaribia, watu waliacha tanuri, wakarudi kwenye lukasu. Padri de Hemptinne, aliyekuja kuwa askofu wa Katanga, aliandika juu ya mafundi hao mwaka 1926 akawaita walaji wa mukuba. Jina ni zuri, lakini watu hao walikula mtama kwanza.

Waliosahau utaratibu huo waliona matokeo. Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, ulikuwa na mukuba, pembe za ndovu na chumvi, na misafara iliufikia kutoka pwani zote mbili, ya Angola na ya Waswahili. Basanga walipoasi, vita vikawatoa watu mashambani. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, na msafara wa Stairs uliokuja kuiteka nchi ukakuta njaa kali mahali palipojulikana kwa utajiri. Watu wa msafara wenyewe walikufa kwa njaa hiyo. Hilo tulikumbuke tunapoendelea.

Vyakula tunavyoviita vyetu leo vingi vilisafiri. Muhogo na mahindi vilitoka Amerika, vikaingia kwa pwani ya Angola na kupita mikononi mwa Walunda. Mwembe uliletwa huku mashariki na misafara ya watu wa pwani. Kashamba ka parsele, ukikaangalia vizuri, ni ramani ya njia za zamani.

Siku ya posho

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville mwaka 1910, na mwaka 1931 njia ya Benguela ikaunganisha upande wetu na bahari ya Atlantiki. Mwanzoni kampani ilitafuta wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi, na wengi walikufa kwa magonjwa na chakula kibaya. Kuanzia mwaka 1928 hivi ikabadilisha siasa yake: mfanyakazi akae muda mrefu, aoe, alete mke, azae watoto kambini. Mtoto wa kambi angekuwa mfanyakazi wa kesho.

Ndipo tulipopata posho. Wazee wetu walilitaja neno hilo kwa heshima ambayo watoto wa leo hawawezi kuielewa. Kampani iligawa bunga ya mahindi, maharagi, karanga, mafuta ya ngazi, chumvi, na nyama au samaki. Mke alihesabiwa, na watoto walihesabiwa. Nyumba, hospitali, masomo, vyote vilitoka mlango mmoja. Watu wakawa wanasema: "Kazi njo baba, kazi njo mama." Mwanahistoria wetu wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliielezea hali hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya Bana Shaba walioachwa na baba yao. Na jina la kitabu limesema yote.

Lakini posho ilikuwa na pengo. Bunga ilitosha kwa bukari. Mboga je? Wamama waliotoka Kasai, Kamina, Sandoa au Kasenga walikuja na lukasu katika mizigo yao, pamoja na mbegu zilizofungwa katika kipande cha kitambaa. Hawakungoja kuambiwa. Nyuma ya nyumba ya kambi, kati ya ukuta na choo, walipanda mboga zao. Waliopata nafasi walikwenda mbali zaidi, porini au kwenye dembo, kule bondeni ambako udongo unashika maji hata kiangazi, wakafungua shamba kubwa. Kashamba ka nyuma kalibaki kuwa ka kila siku.

Miaka ya 1930, uchumi wa dunia ulipoanguka, Union Minière iliwafukuza zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake. Hilo lilikuwa somo la kwanza: posho inaweza kusimama. Waliobaki na lukasu mkononi hawakulisahau.

Mwanzo wa 1967 Union Minière ikataifishwa, na kampani ya taifa ikaja kuitwa Gécamines. Jina lilibadilika, lakini bunga iliendelea kutoka upande uleule, na wamama waliendelea kulima upande uleule.

Ufundi wa kashamba

Tukae hapa kidogo, kwa sababu mambo haya hayako katika vitabu, na wenye kuyajua wanapungua.

Kwanza hali ya hewa. Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400. Jua ni kali, lakini usiku wa Juni na Julai mtu anatafuta blanketi. Mvua inaanza Oktoba na kumalizika Aprili. Mama mwenye kujua kazi yake hapandi mahindi kwa mvua ya kwanza, maana mvua hiyo inadanganya. Anangoja udongo ulowane mpaka ndani. Lengalenga haingoji sana. Wiki 3 au 4 tu, unaanza kukata, na ukikata vizuri inachipua tena. Matembele unapanda kwa kipande cha mti wake, bila kununua mbegu. Muhogo ni benki: unakaa chini ya udongo mwaka mmoja, hata zaidi, na wewe unakula majani huku mizizi ikingoja siku mbaya. Ila sombe lazima itwangwe na kupikwa sana, maana ndani yake kuna sumu. Bibi zetu walijua jambo hilo kabla ya maabara.

Pili, kutotupa kitu. Katika parsele ya zamani hakukuwa na takataka. Kopo la maziwa lilitobolewa matundu chini kwa msumari, likawa la kumwagilia. Beseni iliyotoboka ilijazwa udongo, ikapandwa kitunguu. Gurudumu la lori la mgodi, lililokwisha kabisa, lilikuwa ukuta wa bustani wa kutosha familia nzima, na watoto walikaa juu yake kula. Maji ya kuoshea mchele yalikwenda kwenye pilipili, na ya kuogea kwenye ndizi. Majivu ya makala yalinyunyizwa juu ya mboga kufukuza wadudu. Mavi ya kuku yalikuwa mali, na kulikuwa na majirani waliogombana juu ya kuku wa nani alikwenda kuyaacha kwa nani.

Udongo wetu wa pori hili ni mwekundu na umechoka. Dawa yake iko karibu: kichuguu. Katanga yetu ina vichuguu vikubwa kama nyumba, na udongo wake una chokaa na rutuba kuliko ule unaouzunguka. Watu wanafyatulia matofali, wamama wenye mimba wanakula kidogo, na mwenye bustani anauponda na kuutandaza juu ya tuta. Baba mmoja wa mtaa wetu alileta kichuguu karibu kizima kwa baiskeli, mfuko baada ya mfuko, kiangazi chote. Walimcheka mpaka Desemba. Januari walikuja kuomba nyanya.

Tatu, kicheko na kupeana. Bustani ya parsele haikuwa ya mtu mmoja. Ukipita na kusifu mboga ya jirani, anajua unachotaka.

"Mama, lengalenga yako iko mizuri sana!"

"Njo ukate, mwana wangu. Lakini usikatie paka ya kando ya njia, kata na ya ndani."

Na ukinunua sokoni kwa mama anayelima mwenyewe, unasema, "Mama, uniongezeko," naye anakutupia majani matatu juu. Hayo njo matabishi. Kati ya majirani mbegu haziuzwi. Zinapeanwa, na anayepewa anajua kwamba mwaka kesho, mbegu za huyu zikifa kwa jua, zitarudi kutoka kwake. Hivyo mbegu za muji mzima zilihifadhiwa katika vitambaa vya wamama wengi.

Tusidanganyane: kulikuwa na wizi wa papai, kulikuwa na mbuzi wa watu, na kulikuwa na waume walioona haya. Fundi wa Gécamines, mwenye koti na beji, hakupenda kuonekana na lukasu. "Mie niko mutu wa kazi," anasema, "hapana mutu wa kijiji." Mke wake alinyamaza, akalima. Haya hiyo ilikwisha miaka ya 1990.

Baba alipoanguka

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450,000 za mukuba kwa mwaka. Septemba 1990 sehemu ya kati ya mgodi wa Kamoto, chini ya ardhi, iliporomoka. Oktoba 1991 uporaji uliotokea Kinshasa ulifika Kolwezi pia, na maduka na depo zikabaki kuta tupu. Mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka karibu tani 30,000. Feza ilioza mikononi, na mshahara ulikuja kwa kuchelewa, kisha ukawa hauji.

Katikati ya matatizo hayo, mwaka 1992 na 1993, majirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kutoka Likasi na Kolwezi, makumi ya maelfu yao, wakapakiwa katika treni. Wengi walizaliwa hapa. Hatuwezi kuandika juu ya bustani za muji huu tukaacha hilo. Waliacha mihogo chini ya udongo na mapapai yasiyoiva. Mahali pengi wengine walikula kazi ya mikono yao. Sisi tuliokuwa watoto tulikula, na hatukuuliza. Aina fulani za maharagi zilizopandwa mtaani kwetu na mama mmoja aliyeondoka hatukuziona tena.

Basi fundi mwenye koti alifanya nini? Alichukua lukasu. Kuanzia mwaka 2003, chini ya mpango uliosimamiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines walikubali kuondoka kwa hiari, kama ilivyosemwa. Walipewa feza ya mara moja. Wengine walinunua gari, wengine walifungua duka, na vingi vya hivyo havikudumu. Lakini katika mitaa ya Musonoi, Luilu na Kapata ulionekana mpango mwingine ambao haukuandikwa na benki yoyote. Nyasi za mapambo mbele ya nyumba zilichimbuliwa, zikapandwa matembele. Kando ya barabara mahindi yalisimama. Baba waliopata zamani kuamrisha mashine kubwa kama nyumba walijifunza kwa wake zao kupanga mistari ya kitunguu.

Tulimsikia mzee mmoja akimwambia mke wake mbele ya wageni: "Miaka 27 nilizani mie njo niliwalisha." Mama alicheka tu, akaendelea kuchambua mboga.

Hatusemi kwamba bustani ilitosha. Haikulipa masomo wala hospitali, na watoto wengi waliacha shule miaka hiyo. Utapiamlo uliingia nyumba ambazo zamani zilikuwa na kila kitu. Ila kati ya kula mara moja na kutokula kabisa, mara nyingi kulikuwa na meta kumi za udongo.

Udongo ule, wenye kutafutwa tena

Tumefika kwa jambo lililotusukuma kuandika. Zamani tatizo la kashamba lilikuwa mbuzi na jua. Sasa ni mukuba wenyewe kurudi kudai nafasi yake.

Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, mkaaji mmoja aliyekuwa akichimba kwenye parsele yake alikutana na kobalti. Habari hazikai. Muda mfupi baadaye mashimo yalifunguliwa nyuma ya nyumba, ndani ya jiko, hata chini ya vyumba vya kulala. Kule ambako mama alipanda sombe kulikuwa na shimo na hema la plastiki juu yake. Hatuwalaumu waliochimba, kwa maana shimo moja liliweza kuleta kwa wiki moja kiasi ambacho lengalenga haileti kwa mwaka. Wengine walijenga nyumba, wengine walizikwa na udongo huo huo. Mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ilizungushiwa ukuta kwa ajili ya uchimbaji, na familia zilizokuwa humo zikahamishwa.

Katika Cité Gécamines, mtaa uliojengwa kwa wafanyakazi na wenye maji na miti ya matunda, mgodi wa wazi uliofufuliwa mwaka 2015 umepanuka mpaka kwenye nyumba. Ripoti ya Amnesty International ya Septemba 2023 ilikusanya maneno ya waliotolewa huko, na wengi walisema malipo hayakutosha kupata makao kama yale. Nyumba unaweza kuhesabu vyumba vyake. Mwembe wa miaka 30 uliolisha watoto wa parsele nne unauhesabuje? Na mama aliyejua kila pembe ya udongo wake, akipelekwa mahali papya pa changarawe, anaanzia wapi?

Tena kuna vumbi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, walitoa matokeo ya vipimo vya mkojo vya watu wa Katanga: waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi mno mwilini. Mwaka 2018 kikundi chao kilionyesha hali hiyo hiyo Kasulo, na watoto walizidi wakubwa. Vumbi linaingia nyumbani, linatua juu ya mboga, linalala katika udongo. Mboga za majani, zile tunazozipenda zaidi, ndizo kwa kawaida zinazoshika madini kuliko mahindi au nyanya.

Kwa hiyo tuache kulima? Hapana. Mwenzetu mmoja alituuliza kwa hasira: "Mukisema mboga yetu iko na sumu, tutakula nini, mukuba?" Ana haki ya kuuliza. Lakini tunaweza kurudi kwenye akili ya wazee, ile ya kutenga udongo na udongo. Karibu na barabara ya malori tupande maua au miti, mboga ikae upande mwingine wa nyumba. Tuta liinuliwe kwa udongo uliotoka mbali, kichuguu na mbolea ya takataka za jiko. Chokaa inasaidia, kwa sababu udongo wenye chokaa hauachilii madini kwa urahisi, na wataalamu wetu wa kilimo Lubumbashi wameitumia kutuliza udongo ulioharibiwa. Majani yaoshwe kwa maji mengi, na siyo maji ya mto unaopita chini ya kiwanda. Na pale udongo ulipozidi, wenye kampani waupime, waseme ukweli, walipe. Usafi wa mama mmoja na beseni yake hauwezi kuziba kazi ya kiwanda.

Tunachoomba

Chama chetu kinakusanya ngoma, hadithi na majina ya machifu. Tunaomba kikusanye pia mbegu. Kila msomaji aulize kwa mama yake au kambo yake: mboga gani mlipanda kambini, ilitoka wapi, nani alikupa? Aandike. Apande hata katika beseni lililotoboka, asipokuwa na udongo mzuri.

Tangu mwaka 2015 Kolwezi ni mji mkuu wa jimbo la Lualaba. Barabara zimepanuka, nyumba zinapanda ghorofa, na watoto wetu wanazungumza juu ya magari ya umeme yanayotembea kwa kobalti yetu. Tunafurahi. Hata hivyo, bei ya kobalti inapanda na kushuka kama posho ya zamani, na siku itashuka tena. Siku hiyo muji utatazama nyuma ya nyumba. Tunataka ukute kitu kimeota huko, tena chakula cha kuliwa bila hofu.

Waswahili walisema, achanikaye kwenye mpini hafi njaa. Wamama wa kambi waliithibitisha methali hiyo bila kuisoma popote. Sisi tunaongeza neno moja dogo kwa ajili ya muji wetu: mpini unahitaji udongo. Tuutunze.